Mazeras: Kituo cha Mlimani na Nchi ya Adu Iliyobaki Mbali na Reli

Stesheni ya Mazeras, iliyoko juu ya vilima vinavyoinuka nyuma ya Mombasa, haikuwahi kuhesabiwa miongoni mwa vituo vikubwa vya reli ya Kenya. Hata hivyo, ni vigumu kuielewa historia ya pwani kati ya Mombasa na Malindi bila kusimama kwanza hapo, kwa kuwa kituo hicho kilijengwa mahali ambapo mambo kadhaa ya zamani zaidi kuliko reli yalikuwa yamekwisha kukutana: njia ya misafara, makazi ya Wamijikenda, misheni za kwanza za Kikristo, na ukingo wa nchi iliyodaiwa na Sultani wa Zanzibar. Reli iliyapa mambo hayo mwelekeo mmoja, yaani kaskazini-magharibi kuelekea bara, na kwa kufanya hivyo ikaliacha kando eneo zima la kaskazini, kuanzia Malindi hadi Marafa na Adu, ambalo wenyeji wake wengi ni wa ukoo mmoja na watu wa vilima hivyohivyo.

Eneo la Mazeras halikai sawasawa katika mipaka ya utawala wa leo, kwani mji wenyewe umekaa mpakani mwa kaunti za Kilifi na Kwale, Warabai wakiwa upande wa kaskazini na Waduruma upande wa magharibi na kusini. Wote hao ni sehemu ya Wamijikenda, jina linalojumuisha jamii tisa zenye lugha zinazosikilizana, ambazo kila moja ilikuwa na kaya yake, yaani mji uliozungukwa na msitu, wenye milango yake, makaburi yake na fingo yake, ambayo ni hirizi iliyozikwa ardhini kuulinda mji. Kufikia karne ya 19 watu walikuwa wakihama kutoka makaya hayo na kutawanyika mashambani, lakini misitu ilibaki mikononi mwa wazee, na mnamo 2008 baadhi yake, zikiwamo kaya za Rabai na Kaya Fungo ya Wagiriama, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kabla ya reli, vilima hivyo vilikuwa mlango wa bara. Pembe za ndovu kutoka Ukambani ziliteremka hapo, na Wakamba wenyewe walikuwa na makazi yao karibu na Rabai, wakifanya biashara na Wamijikenda waliosimama kati yao na wafanyabiashara wa Mombasa. Kwa sababu hiyohiyo Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society na aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikichagua kijiji cha Rabai kuwa makao yake mnamo 1846, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Hakuchagua Rabai kwa uzuri wa hewa yake peke yake, ingawa hewa ya mlimani ilisaidia. Aliichagua kwa kuwa ilikuwa njiani. Kutoka hapo Rebmann alisafiri hadi akauona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf, aliyepokelewa Ukambani na mkuu wa misafara aitwaye Kivoi, akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Wamethodisti walifuata mwaka 1862 wakajenga Ribe, mwendo mfupi kutoka hapo, chini ya Thomas Wakefield na Charles New.

Misheni hizo zilivuta watu ambao hazikuwatarajia. Mashamba ya nafaka na minazi ya pwani yalilimwa na watumwa, na mtumwa aliyetoroka shamba la Mombasa, Takaungu au Malindi alikuwa na njia chache za kupita: aingie kijiji cha watoro kama Fuladoyo, kilichokuwa ndani ya nchi ya Wagiriama, au apande mlimani hadi misheni. Wamiliki walilalamika, nao wamisionari walijikuta kati ya sheria za Sultani na dhamiri zao. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kuitawala nchi mwaka 1888, iliona kwamba haiwezi kuanza kazi huku ugomvi huo ukiendelea, ikawalipa wamiliki fidia. Na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya watoro 1,400 waliokuwa katika misheni za eneo hilo walipewa vyeti vya uhuru, wengi wao wakiwa wa Rabai. Mchungaji wao alikuwa William Jones, mwenyewe aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa India, ambaye miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amerudi Rabai na habari za kuuawa kwa Askofu James Hannington huko Busoga. Kwa hiyo wahandisi wa reli walipofika hawakukuta pori tupu, kama picha nyingi za zama hizo zinavyodai, bali nchi yenye makanisa, shule, mashamba ya minazi na watu waliokwisha kujua maana ya mkataba.

Jaribio la kwanza la reli lilikuwa dogo mno kiasi cha kuchekesha. Mwaka 1890 Kampuni ilianza kulaza reli nyembamba kutoka Mombasa, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati, nayo ikakoma baada ya maili chache tu. Vyuma vyake baadaye viling'olewa na kutumika kwa vigari vya mjini Mombasa, ambavyo vilisukumwa na watu kwa mikono huku bwana au bibi ameketi chini ya kivuli cha turubai. Reli ya kweli ilisubiri serikali ya Uingereza ichukue nchi kutoka kwa Kampuni mwaka 1895. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, aliwasili mwishoni mwa mwaka huo wakati pwani ikiwa vitani, kwani Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa amepinga utawala mpya, na mapigano yalikuwa yameenea kutoka Takaungu hadi Gasi. Mbaruk alivuka kuingia upande wa Wajerumani mnamo Aprili 1896, na reli ya kwanza ikalazwa Mombasa tarehe 30 Mei mwaka huohuo. Ukaribu wa tarehe hizo mbili unastahili kuangaliwa, kwa sababu reli hiyo, inayosimuliwa kwa kawaida kama kisa cha Uganda, ziwa na simba wa Tsavo, ilianza kama hatua iliyofuata ushindi wa kijeshi pwani.

Kutoka kisiwani njia ilivuka mlango wa maji wa Makupa, ikapita Changamwe na Miritini, halafu ikaanza kupanda. Mlima wa Mazeras si mrefu ukilinganishwa na kuta za Bonde la Ufa, lakini ulikuwa wa kwanza, na ulikuja mapema sana, karibu maili 15 tu kutoka baharini, wakati udongo uliolowa kwa mvua nyingi ulikuwa ukiporomoka na wafanyakazi wakiugua homa. Kati ya 1896 na 1901, reli ilipofika Kisumu, vibarua takriban 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Wapatao 6,700 walibaki Afrika Mashariki baada ya kazi kumalizika. Pamoja nao walikuwapo wapagazi na vibarua wa Kiafrika, ambao hesabu za wakati ule hazikuwatunza kwa uangalifu kama huo.

Ufundi wa kupandisha gari la moshi mlimani unaeleza kwa nini kituo kilihitajika hapo. Kichwa cha treni, yaani mashine inayovuta mabehewa, hushindwa pale mwinuko unapozidi, kwa kuwa magurudumu ya chuma juu ya chuma huteleza. Hivyo mhandisi hurefusha njia ili mwinuko upungue, akiipindisha kandokando ya kilima. Karibu na Mazeras reli ya zamani hujizungusha duara zima na kupita juu ya njia yake yenyewe, hata abiria aliyechungulia dirishani aliweza kuona chini yake mataruma aliyokuwa ameyapita dakika chache zilizotangulia. Mataruma ni yale magogo au vyuma vinavyolazwa kukingama ili kushikilia reli. Isitoshe, njia ilikuwa moja tu, kwa hiyo treni mbili zinazoelekeana hazikuweza kupishana ila penye njia ya pembeni, na karani wa kituo, kwa kutumia waya wa simu uliofuatana na reli, alipaswa kuulizana na mwenzake wa kituo kinachofuata kabla ya kuiruhusu treni iondoke. Kituo kidogo kilikuwa, kwanza kabisa, mahali pa kungojea.

Majina ya vituo vilivyofuata yanafundisha zaidi kuliko ramani yenyewe. Baada ya Mazeras huja Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, kisha Mackinnon Road, jina linalotokana na barabara ya magari ya ng'ombe iliyoanzishwa na Kampuni na kuitwa kwa heshima ya mwenyekiti wake, William Mackinnon. Mtu anayejua Kiswahili hahitaji kuelezwa jinsi msafiri wa miguu alivyojisikia alipofika Maji ya Chumvi akiwa na kiu, huku nyika ya Taru isiyo na maji ikimngoja mbele. Jina ni onyo lililoachwa na wapagazi, na reli ikalirithi. Huo haukuwa utaratibu wa kila mahali. Huko Afrika Kaskazini, ambako jeshi la Uingereza lililaza reli mwaka 1897 kukatisha jangwa la Nubia kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed ili kuivamia Sudan, vituo vya jangwani vilipewa namba badala ya majina, kuanzia Namba 1 hadi Namba 10, na visima vilichimbwa vikapata maji katika Namba 4 na Namba 6. Vivyo hivyo, reli ya Wafaransa katika kusini-magharibi ya Algeria ilifuata jeshi hatua kwa hatua, ikafika Aïn Sefra mwaka 1887 na Colomb-Béchar mwaka 1905, na miji iliyozuka kandoni mwake ilianza kama kambi. Mazeras na Mariakani havikuanza kama kambi, na tofauti hiyo ilikuwa na matokeo: mji wa kambi huisha kambi inapohamishwa, ilhali kituo kilichowekwa juu ya soko la zamani hubaki na soko lake hata treni ikiacha kusimama.

Soko hilo lilikuwa la nazi kuliko kitu kingine chochote. Mnazi ulipandwa kwa wingi Rabai, Ribe na Kaloleni, na mapato yake makubwa hayakutoka kwenye nazi kavu peke yake bali kwenye tembo, kinywaji kinachogemwa kutoka kwenye karara, yaani ua la mnazi likiwa bado limefungwa ndani ya ganda lake. Mgema hupanda mti kwa vikato vilivyochongwa shinani, hulifunga karara lisipasuke, hukata ncha yake kwa kisu chembamba chenye makali, kisha huning'iniza kibuyu chini ya jeraha hilo. Hurudi asubuhi na jioni kumimina kilichodondoka na kukata kipande kingine kidogo, chembamba kama ukucha, ili utomvu usizibe. Tembo la asubuhi ni tamu na laweza kunywewa na mtoto, la jioni huwa limekolea, na la kesho yake huwa chachu, kisha siki. Bidhaa isiyodumu siku mbili haiwezi kwenda mbali kwa miguu, na kwa hiyo thamani ya shamba la minazi ilitegemea umbali wake kutoka kwenye njia ya haraka ya kuufikia mji wa Mombasa uliojaa vibarua wa bandari wenye kiu. Serikali ya kikoloni ilijaribu mara kwa mara kuizuia biashara hiyo kwa leseni, na wamisionari kwa mahubiri, bila mafanikio ya kudumu upande wowote.

Yote hayo yalikuwa ya upande wa kusini. Ili kuona kilichotokea kaskazini, inafaa kukumbuka kwamba reli haikuwa na sababu ya asili ya kuelekea huko. Mombasa ina Kilindini, bandari ya maji mengi iliyofunikwa na nchi kavu, ilhali Malindi ina ghuba iliyo wazi, na Mto Sabaki, ambao huitwa Athi na kisha Galana kabla ya kufika pwani, humwaga tope lake jekundu baharini kaskazini tu mwa mji. Hiyo ilikuwa mara ya pili Malindi kushindwa na jirani yake. Mara ya kwanza ilikuwa katika karne ya 16, pale mji huo, uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498 na kumpa rubani wa kumfikisha India, uliposhuhudia Wareno wakihamia Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Malindi ilififia hata ikawa magofu na vichaka, mpaka utawala wa Sultan Majid wa Zanzibar ulipoifufua mwanzoni mwa miaka ya 1860 kwa mashamba makubwa ya mtama, ufuta na mahindi, yaliyolimwa na watumwa na kupakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, wakati reli ilikuwa tayari imeugeuza uchumi wa nchi uelekee Mombasa na Nairobi, mashamba hayo yalibaki bila mikono, na serikali ikaanza kuitafuta mikono hiyo kwa Wagiriama.

Hapo ndipo Adu inapoingia katika historia hii. Adu, ambayo leo ni jina la wadi katika eneo bunge la Magarini, iko bara ya Malindi, kaskazini mwa Sabaki, katika nchi kavu ya miiba na udongo mwekundu ambamo mbuzi hustahimili kuliko mahindi. Wagiriama walifika ng'ambo hiyo ya mto katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wakitoka kusini kidogo kidogo, ukoo mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata, baada ya kuihama Kaya Fungo, ambayo iko katika vilima vya Kaloleni, si mbali na njia ya reli. Huko kaskazini walikutana na Waata, wawindaji hodari wa upinde mkubwa ambao pwani huitwa Wasanye, na wafugaji wa Kioromo waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Mto Tana. Kwa Mgiriama wa wakati ule, nchi ya ng'ambo ya Sabaki ilikuwa ardhi mpya yenye rutuba mtoni na pembe porini, na zaidi ya yote ilikuwa mbali na mtoza kodi.

Umbali huo ndio serikali iliokusudia kuuondoa. Mwaka 1912 Arthur Champion aliwekwa kuwa ofisa wa Wagiriama, naye alidai kodi ya kibanda na vijana wa kwenda kufanya kazi za mashamba na za serikali. Kisha ikaja amri kwamba Wagiriama wote wa kaskazini ya Sabaki wahame warudi kusini ya mto, ambako wangekuwa karibu na waajiri. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane aliyezunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maziko, na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha watu katika Kaya Fungo mwaka 1913 wasitoe mtu. Wote wawili walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Mnamo Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa na mbuzi kutaifishwa kwa maelfu, na Wagiriama waliondolewa kwa nguvu ng'ambo ya mto. Sera hiyo haikudumu. Baada ya miaka michache waliruhusiwa kurudi, na vijiji vya upande wa Marafa na Adu vikajazwa upya. Kinachosahauliwa kwa urahisi ni kwamba ugomvi huo wote, ambao husimuliwa kama kisa cha shujaa mmoja, ulikuwa pia ugomvi juu ya mahali: serikali ilitaka watu wakae mahali ambapo kazi yao ingeweza kufikiwa, nao walitaka kukaa mahali pasipofikika.

Mahali hapo paliendelea kutofikika muda mrefu kuliko hata wao walivyotaka. Barabara ya kaskazini kutoka Mombasa ilikatizwa na vijito vya bahari, na magari yalivuka kwa pantoni. Daraja la kuelea la Nyali liliwekwa mwaka 1931 na la kudumu mwaka 1980, na Kilifi ilingoja daraja lake hadi 1991, karibu miaka 95 baada ya treni kuanza kupanda Mazeras. Kutoka Malindi hadi Adu safari ilibaki ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Jambo la ajabu ni kwamba maji yalipata njia ambayo reli haikuipata: visima vya Baricho, kando ya Sabaki, husukuma maji kwa mabomba hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, ilhali mabomba ya chemchemi za Mzima, yaliyozinduliwa mwaka 1957, hufuata karibu mstari uleule wa reli kushuka pwani. Mombasa, kwa maneno mengine, hunywa kutoka pande zote mbili.

Reli yenyewe haikukaa kimya. Katika miaka ya 1950 mlima wa Mazeras ulipandwa na vichwa vya treni vya daraja la 59, mashine 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, kubwa kuliko nyingine yoyote ya mvuke katika reli za upana wa mita moja. Ya mwisho iliacha kazi mwaka 1980. Mwaka 2017 reli mpya ya upana wa kimataifa ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi, stesheni yake kuu ya pwani ikajengwa Miritini, na kituo kimoja kikawekwa Mariakani. Mazeras haikupewa kituo. Treni ya abiria ya reli ya zamani, iliyokuwa ikilala njiani usiku kucha kati ya miji hiyo miwili, ilikoma mwaka huohuo.

Jina la kituo, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuingia mahali pengine. Wanajiolojia wa zama za ukoloni walipochora ramani ya miamba ya pwani, walizitaja tabaka za mawe ya mchanga kwa majina ya stesheni walizozikuta juu yake, wakapanda ngazi kutoka mwamba wa zamani zaidi hadi wa karibuni: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Mpangilio huo, unaopima mamilioni ya miaka, ni ratiba ya treni iliyosomwa kutoka bara kwenda baharini. Mawe ya tabaka hizo, ya rangi ya manjano na kahawia, huchongwa kwa nyundo na patasi katika machimbo ya Mazeras na Mariakani, huuzwa Nairobi na kwingineko kwa jina la mawe ya Mazeras kwa ajili ya sakafu na kuta za nje, na hupelekwa huko kwa malori.